Intavyuu saa 3 asubuhi Posta, lori limeziba Kitonga: kisa cha mwalimu wa Rungwe

Hiki kisa nimekiombea ruhusa kwa mwenyewe, kakubali ila jina na shule visitajwe, kwahiyo tutamuita mwalimu tu na inatosha. Anafundisha baiolojia sekondari moja ya kata huko Rungwe, Mbeya, kule mvua inaponyesha mpaka nguo zinaota ukungu kabatini, na Machi 2025 aliitwa Dar kwenye intavyuu ya Chevening, ile skolashipu ya serikali ya Uingereza ya masta ya mwaka mmoja. Walioomba wanajua kufika hapo tu ni shughuli. Unaomba mwezi wa 8 mpaka mwanzoni mwa wa 10, unaandika insha za uongozi, za mahusiano na watu, za kozi na za mipango ya kazi, unachagua kozi 3, unaonyesha masaa 2,800 ya kazi (yeye anayo, ameshashika chaki miaka mitatu), alafu unakaa kimya miezi kadhaa mpaka imeili iingie. Ikaingia. Usaili ana kwa ana, ubalozini Dar, ingia kwenye mfumo uchague siku na saa.

Nauli, malazi, chakula, vyote juu yako. Hapo ndo pananichekesha kila mwaka, yani ukiipata hiyo skolashipu wanalipa ada, tiketi ya ndege, hela ya kujikimu kila mwezi, mpaka viza, ila basi la Mbeya Dar unajitegemea. Siwalaumu, nani atalipia nauli ya kila anayeitwa dunia nzima. Wenzetu wanaoomba PhD za baiolojia na tiba Marekani wakiwa wapo kulekule, idara nyingi zinawakatia ndege na kuwalaza hotelini siku mbili tatu kati ya Januari na Machi, na dina juu. Wa huku tunapanda na chipsi kavu kwenye rambo.

Sasa yaliyomkuta, kwa wasiopenda kusubiri: alipanda basi la Jumapili jioni Mbeya, usaili Jumatatu saa 3 asubuhi Posta. Usiku wa manane lori la kontena likapata shida kwenye kona za mlima Kitonga, Iringa, likajikunja likaziba njia zote mbili. Saa 3 asubuhi ilipofika yeye alikuwa ndo anaingia Morogoro. Kila aliyesikia hii stori kalaumu lori. Mi nimeipitia naye mara nyingi tu na bado nasema lori lilikuja kumalizia, kisa kilishaharibika siku aliyokaa kwenye kompyuta ya shule kuchagua sloti, na hata kabla ya hapo, siku aliyoenda kwa mkuu wa shule kuomba ruhusa.

Tuanze na ruhusa. Mwalimu alimwambia mkuu ana shida ya kifamilia Dar. Hakusema intavyuu. Ukimuuliza kwanini atakwambia shuleni ukishatamka skolashipu unaanza kuonekana mtu wa kuondoka, ratiba yako inagawiwa kabla hujafunga begi, na ukikosa unarudi ofisini kila mtu anakuangalia kwa jicho la pole. Namuelewa kabisa, hata mimi kazini kwangu ningesita. Ila angalia hesabu ilivyokaa. Kwa shida ya kifamilia isiyo msiba alipewa siku mbili, Jumatatu na Jumanne, na huwezi kurudi kesho yake kuomba ya tatu bila kuongeza uongo mwingine. Alafu kubwa zaidi, mtumishi wa umma akipata masomo ya nje anahitaji ruhusa ya masomo kutoka kwa mwajiri, na hiyo barua inaanzia wapi? Inaanzia kwa mkuu huyohuyo, inapita kwa mkurugenzi wa halmashauri. Yani mtu uliyemficha Machi ndo utamuomba asaini mwezi wa 7, na ataanza kupiga hesabu ile shida ya familia ilikuwa ipi.

Sloti sasa. Alipoingia kwenye mfumo nafasi zilikuwa bado nyingi, asubuhi na mchana, siku tofauti. Akachukua Jumatatu saa 3, akiwaza hivi: nisafiri Jumapili usiku, nifike alfajiri, nifanye usaili, jioni nageuka, Jumanne niko nyumbani napumzika, Jumatano kipindi cha kwanza nipo darasani. Kwenye karatasi inapendeza. Tatizo lake kila kipande kimeegemea kingine, hamna hata saa moja ya akiba, na siku ya ziada aliyokuwa nayo kaiweka NYUMA ya usaili badala ya mbele. Kwa ruhusa ileile ya siku mbili, bila kuomba kitu kwa mtu, angechukua Jumanne asubuhi, asafiri Jumapili au hata Jumatatu mchana kweupe, alale Dar, na Jumanne hiyohiyo akitoka tu kwenye usaili arudi. Kupumzika utapumzika wikiendi, mbona.

Na hela. Alikuwa na laki mbili, moja iliyobaki kwenye mshahara na moja kakopa kwenye kikoba cha walimu (nashukuru hakwenda kwa wale wa kausha damu). Desemba pasipoti ilishamla laki na nusu, maana kitambulisho cha taifa cha NIDA ana namba tu, kadi yenyewe mpaka leo haijatoka, akaona asiende ubalozini na kikaratasi cha namba, na hapo sina la kumlaumu, pasipoti angeihitaji tu mbele ya safari. Nauli kwenda na kurudi inakula zaidi ya nusu ya ile laki mbili. Toa nauli ya kutoka kwake Tukuyu mpaka Mbeya mjini, toa kula, toa usafiri wa mjini Dar, inabaki hela ya kulala gesti ya kawaida usiku mmoja na chenji kidogo. Basi la usiku linakupa kulala bure. Hapo ndo wengi tunapoingia.

Zamani hili wazo lisingekuwepo. Mabasi yalikuwa hayaruhusiwi kutembea usiku kucha, ni tangu Oktoba 2023 ndo wakaruhusiwa masaa 24, na tangu hapo watu tumejenga tabia ya kuhesabu basi kama gesti inayotembea. Kwa mfanyabiashara anayeenda kufunga mzigo Kariakoo ni safi sana, akichelewa masaa manne maduka bado yapo. Usaili wa dakika arobaini hauna subira hiyo.

Barabara yenyewe ni kilomita 800 na ushee. Basi limefungwa ving'amuzi vya mwendo, mwisho 80, ndani ya Mikumi ni 50 kwa sababu ya wanyama, na katikati yake kuna Kitonga, ule mteremko baada ya Ilula ambako malori ya Zambia na Congo yanashuka yakinuka breki. Kila anayeishi nyanda za juu kusini ana stori ya Kitonga. Kwahiyo kusema hakutarajia mimi sikubali, yeye mwenyewe alishawahi kukaa pale masaa mengi akirudi likizo enzi za chuo.

Ilikuwa hivi. Basi limetoka Mbeya saa 11 jioni, Makambako wamekula dakika ishirini, Mafinga, Iringa, wameanza kushuka Kitonga saa 6 usiku imepita wakasimama. Dereva kazima taa. Watu wakadhani ni foleni ya kawaida, wengine wakashuka kuchimba dawa, baridi, giza, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Baada ya saa moja kondakta akatembea mbele kwa miguu, akarudi akasema lori limelala, wanasubiri winchi. Mwalimu akatoa simu, chaji asilimia 30, bando lake lilikuwa la masaa 24 lilikata jioni ile akiwa Makambako, akanunua jingine kwa simu, mtandao unakuja unapotea. Na ile imeili ya mwaliko yenye anuani ya kuwasiliana nao ipo kwenye imeili, haijapigwa picha wala kuandikwa popote. Masaa matatu mazima alikaa na wazo kwamba labda watawahi. Mimi hapa ndo namkaba zaidi kuliko kwenye lori, maana saa 8 usiku hesabu ilishakuwa wazi, kutoka Kitonga mpaka stendi ya Mbezi, Dar, ni masaa saba mazuri, hata njia ingefunguka dakika ileile asingefika saa 3. Angeandika hapohapo imeili ikasubiri kwenye simu, mtandao ukirudi inaondoka yenyewe.

Saa 11 alfajiri simu yangu ikaita.

"Kaka samahani kukuamsha, nipo Kitonga, ndo wanatufungulia."

"Umewaandikia?"

"Bado, nilikuwa naandika nikafuta, sijui nianzaje."

Akanitumia alichoandika kwa wasapu. Jamani, ilikuwa barua. Imeanza na kumshukuru Mungu na kamati, ikaeleza Rungwe iko wapi, ruhusa, kikoba, lori, ikaja kuomba msamaha mara tatu na mpaka mwisho haijasema anaomba nini. Nikamwambia ticha futa yote, weka jina na namba ya maombi yako, sloti yako ya leo saa ngapi, upo wapi sasa hivi, utafika Dar kama saa ngapi, na omba nafasi yoyote leo mchana au kesho. Mistari mitano. Bandika na picha ya foleni maana alikuwa nayo, aliipiga alfajiri watu wakiwa wamejifunika khanga barabarani. Ikaondoka wakiwa Ruaha Mbuyuni, saa 12 kasoro, pale wanapouza vitunguu.

Mikumi mtandao ukapotea tena. Msamvu, stendi ya Morogoro, saa 3 na robo, jibu likaingia: njoo leo saa 9 alasiri. Kwa upole tu, mistari miwili.

Naomba nikae hapa kidogo maana watu wengi wanaogopa kuandika hiyo imeili, wanaona bora wafike wamechelewa wajieleze getini wakiwa wanahema. Wale wanaopanga usaili ni watu wa ofisi, wana orodha mbele yao, kuna wanaoghairi, kuna wanaougua. Mtu akiwaambia kabla hawajafungua ofisi, hapo wanaweza kukupanga upya. Akiwaambia saa 4, wameshakuandika hakutokea. Sio kila mara itawezekana, lakini kati ya hivyo viwili mi ningechagua kipi ni wazi.

Pale Msamvu akaniuliza kingine: ashuke apande treni ya SGR? Hili limezua ubishi kila nikisimulia. Treni ya Morogoro Dar inatumia kama saa moja na dakika arobaini na inakushusha katikati ya mji, basi lina Chalinze, Mlandizi, Kibaha na foleni ya Mbezi. Lakini stesheni haiko stendi, iko nje ya mji upande wa Kihonda, unahitaji boda, unahitaji kujua ya saa ngapi inayofuata na kama ina siti, na begi lenye suti liko kwenye buti chini ya mizigo ya watu. Kwa saa 9 alasiri basi lilikuwa linatosha, nikamwambia bakia. Bado naona nilikuwa sahihi. SGR ina faida kubwa ukiipanga toka mwanzo, unatoka Mbeya alfajiri, jioni unashukia Morogoro, unakata kile kipande cha mwisho kwa treni tiketi ukiwa umeshanunua, usiku unalala Kariakoo. Kuiwaza ukiwa umesimama Msamvu na roho mkononi ni kamari.

Mbezi kafika saa 7 na nusu mchana. Na hapa kuna kitu hakuniambia mpaka siku hiyo: begi lake lilikuwa chini ya kiroba cha mchele wa Kyela, kilo 20, cha shangazi yake wa Chanika. Huwezi kutoka Mbeya kwenda kwa shangazi mikono mitupu, hilo linaeleweka, ila huwezi pia kuingia Umoja House na kiroba cha mchele. Pale ndani kuna Waingereza, Wajerumani, Waholanzi na ofisi ya Umoja wa Ulaya, jengo moja, ulinzi wake si wa kuchezea. Akazunguka nacho stendi ya Magufuli kwenye jua la Machi, na sweta la Tukuyu bado mwilini, mpaka kampata jamaa wa ofisi ya vifurushi akamhifadhia kwa hela kidogo. Akaoga vyoo vya kulipia vya stendi, akavaa suti iliyojikunja mgongoni, akapanda mwendokasi kwenda Posta. Kwa bahati mchana ule haikujaa sana. Getini saa 9 kasoro dakika chache.

Usaili wenyewe, kwa maneno yake, swali la uongozi alilijibu vizuri, alisimulia klabu ya mazingira aliyoianzisha shuleni kwake na namba alikuwa nazo. Swali la mahusiano akapotea katikati ya sentensi, akarudia kitu alichosema mwanzo, akawaona wanaandika. Kiyoyozi kikali, jasho limekauka mwilini, hajala tangu vitumbua vya Morogoro. Mwezi wa 6 akajibiwa yupo kwenye orodha ya akiba. Hakuitwa.

Je, safari ndo ilimkosesha? Siwezi kuapa. Insha yake ya mahusiano hata kwenye maombi ilikuwa nyepesi kuliko zingine, nilimwambia Septemba, na mtu aliyelala vizuri angeweza kukwama palepale. Ninachoweza kusema ni kwamba lile swali alishalifanyia mazoezi na mimi kwa simu zaidi ya mara moja na alikuwa analijibu bila kusita, siku ile halikutoka. Kati ya kuchukuliwa na kuwekwa akiba pengo huwa dogo sana.

Sasa mpango ambao ungetosha kwa laki mbili ileile na sloti ileile ya Jumatatu, maana kuna mtu atasema mi naongea kama mwenye hela. Aondoke Jumamosi alfajiri. Jumamosi haihitaji ruhusa ya mtu. Sababu iliyomzuia ni remedio (vipindi vya ziada) ya Jumamosi ambayo wazazi wanachangia, fungu lake ni elfu kumi. Elfu kumi! Jumamosi usiku afikie kwa shangazi Chanika, mchele ufike, Jumapili ashinde pale, apige suti pasi, jioni ahamie mjini, gesti ya Mnazi Mmoja au Kariakoo, elfu thelathini hivi, kutoka hapo mpaka ubalozini boda dakika chache. Kulala Chanika kuamkia usaili haifai, Chanika Posta asubuhi ya Jumatatu unaweza kutumia masaa mawili ukiwa umesimama.

Kinachokwamisha huo mpango sio hela, ni shangazi. Unamwambiaje mtu aliyekulea darasa la tatu mpaka la saba kwamba unaenda kulala gesti wakati chumba kipo? Ukoo mzima utajua kabla hujafika Buguruni, na gesti kwa binti haina tafsiri nzuri. Mwalimu anasema hii ndo ilimfanya aone bora apitie basi la usiku, asilale popote, aende kwa shangazi baada ya usaili kama mgeni wa kawaida. Wanaotoa ushauri wa intavyuu mitandaoni hawaligusi hili kabisa, wanakuambia fika siku moja kabla ulale karibu na eneo, kana kwamba wote hatuna ndugu Dar. Nilichomshauri ni amwambie shangazi ukweli wote mapema, usaili ni wa nini na unaanza saa ngapi, na amuombe yeye shangazi ndo amtafutie binamu au rafiki wa kanisani anayekaa Ilala au Magomeni wa kumlaza usiku mmoja. Mtu mzima ukimpa kazi kwenye jambo lako hanuni, anakuwa upande wako, atakupigia saa 11 alfajiri kukuamsha.

Ameomba tena. Insha ya mahusiano kaiandika upya yote. Mkuu wa shule safari hii anajua, alimwambia Oktoba, na kumbe mkuu mwenyewe aliwahi kuomba skolashipu miaka hiyo akakosa, akamwambia ukiitwa nitakupa siku nne na barua nitaipitisha. Imeili ya mwaliko akiipata ataipiga picha na kunitumia, hilo tumekubaliana. Remedio kamuachia mwenzake.

Shangazi bado hajaambiwa.